Ufunguo Uko kwa Nani? Kwa Baiskeli Kando ya Mto Loire

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa mwaka wa wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Paris na vitongoji vyake. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu siku ile. Picha za ukutani nimeziacha, maana nusu yake zilikuwa vidole vyangu.

Mwenyekiti wetu, wazee wetu, kina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi watoto mliojibanza karibu na meza ya sambusa: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo? Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni nianze kwa kuwasumbua.

Aliyewahi kupanda mnara wa Eiffel anyooshe mkono. Mashaallah, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa aliyewahi kulala, hata usiku mmoja, kwenye kijiji cha nchi hii, kijiji chenye duka moja la mkate na kengele ya kanisa inayokutoa usingizini, naye anyooshe. Naona mikono mitatu. Mmoja ni wa mzee wangu pale mbele, na yeye najua alikwenda kuvuna zabibu kwa kibarua, hakwenda kutembea.

Msicheke. Mimi mwenyewe nimeishi hapa miaka tisa kabla sijaweza kunyoosha mkono huo wa pili. Miaka tisa ya kazini, nyumbani, msikitini Ijumaa, treni kwenda, treni kurudi. Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu wakaniuliza Ufaransa ikoje, nilikuwa nawatajia majina ya vituo vya treni. Kwa nini? Pesa ni sababu, sikatai. Lakini tusidanganyane, pesa si sababu yote. Niliamini moyoni kwamba mashambani kwao kumefungwa. Hakuna aliyenikataza na sikuona bango lolote. Niliona tu madirisha yenye mbao zilizofungwa mchana kweupe, nikajiambia, kule hakunihusu.

Basi swali langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Ufunguo uko kwa nani?

Mto Loire ndio mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Kando yake kuna njia ya baiskeli, La Loire à Vélo, kilomita 900 hivi, kuanzia Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins, pale mto unapoingia Atlantiki. Njia hiyo kwa sehemu kubwa ni kipande cha nyingine ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayokatiza Ulaya mpaka Bahari Nyeusi. Mimi Bahari Nyeusi sikuifika. Nilipanda treni mpaka Gien nikiwa na baiskeli ya mtumba, karia nyuma na mifuko miwili ubavuni, nikateremka na mto siku tisa mpaka Saumur. Mwili wenyewe ndio huu mnaouona. Kama huu ulifika, hakuna mtu humu wa kuniambia hawezi.

Njia yenyewe ni tambarare. Mara nyingi inapita juu ya matuta marefu yaliyojengwa kwa karne nyingi kuzuia mafuriko. Upande mmoja una mashamba, upande wa pili mto wenye mafungu ya mchanga yanayohamahama, kiasi kwamba mashua zao za zamani zilitengenezwa na tako bapa ili zisikwame. Mtu wa pwani akiutazama mto ule anaelewa mara moja.

Sasa nije kwenye makasri. Wafaransa wana neno moja, château. Sisi tuna mawili, na katika jambo hili Kiswahili kimewashinda. Tuna ngome na tuna kasri. Aliyefika Fort Jesus pale Mombasa hawezi kuiita kasri, wala aliyefika magofu ya Mtoni kule Unguja hawezi kuyaita ngome. Ngome ni ya kumzuia mtu, kasri ni la kumkoga.

Nendeni Langeais mkaone maneno hayo mawili yamejengwa kwenye nyumba moja. Ukifika kutoka mjini unakuta minara minene, madirisha membamba na daraja la kuinuliwa kwa minyororo. Huo ni uso wa ngome. Vuka daraja, ingia uani, ugeuke nyuma. Nyumba ile ile imekuwa na madirisha makubwa na nakshi, kama mtu aliyevua koti la askari ndani akawa amevaa kanzu ya harusi. Na harusi ilikuwapo kweli. Mfalme Louis wa 11 aliagiza ujenzi mwaka 1465, na Desemba 1491 mwanawe, Charles wa 8, akamuoa humo Anne wa Bretagne, binti wa miaka 14, na kwa ndoa hiyo Bretagne ikaanza kuvutwa ndani ya Ufaransa. Nyuma, kwenye bustani ya mlimani, kuna magofu ya mnara wa Foulques Nerra, mtawala wa jimbo la Anjou, wa mwisho wa karne ya 10. Ule ni ngome tupu, hauna hata aibu.

Charles huyo huyo, mnajua alikufaje? Mwaka 1498, kwenye kasri lake la Amboise, alikuwa na haraka ya kwenda kutazama mchezo wa mpira, akajigonga kichwa kwenye mlango mfupi. Saa chache baadaye akafa. Mfalme mwenye funguo zote za nchi, akauawa na mlango wa nyumbani kwake!

Chambord nitapita haraka kwa sababu wengi mtaijua kwa picha. Mfalme François wa 1 aliianza mwaka 1519. Ina vyumba zaidi ya 400, na paa lenye mabomba mengi ya moshi hata ukilitazama kwa mbali unadhani ni mji mzima umepandishwa juu ya nyumba. Alitawala miaka 32, na inahesabiwa kwamba katika miaka yote hiyo alilala humo siku 72 hivi tu. Akienda, anakwenda na vitanda, mazulia na viti vyake mikokoteni mizima, akiondoka anaondoka navyo. Katikati kuna ngazi mbili zinazosokotana kama uzi wa ukili. Wewe unapanda moja, mwenzio anashuka nyingine, mnaonana madirishani lakini hamkutani. Nilipungiana mikono na mtoto mmoja mara nne bila kumfikia. Na leo ufunguo uko kwa nani? Jamhuri ililinunua kasri hilo mwaka 1930. Ndani utalipa kiingilio, lakini sehemu ya msitu wake, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, unaingia na baiskeli yako na hakuna anayekuuliza.

Kwenye kasri la Chenonceau ndipo nilipokaa nusu siku. Limejengwa juu ya maji ya mto Cher, kama mtu aliyeanza kuvuka akaona afadhali abaki katikati. Na katika kila zama walioliendesha zaidi ni wanawake. Katherine Briçonnet alisimamia ujenzi mumewe akiwa vitani na kwenye shughuli za mfalme. Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme Henri wa 2, akaongeza daraja. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mkewe halali, Catherine de Médicis, akamtoa Diane humo, kisha juu ya daraja la mke mwenza akajenga ukumbi wa urefu wa mita 60. Kina mama, naona mnatazamana. Sisemi kitu!

Lakini kilichonisimamisha mimi ni mlango ulio mwisho wa ukumbi ule. Katika Vita vya Kwanza ukumbi huo ulikuwa hospitali, wakatibiwa humo majeruhi zaidi ya 2,000. Katika Vita vya Pili, Wajerumani walipoikata Ufaransa vipande viwili, mpaka ulipita kwenye mto Cher wenyewe. Lango kuu la kasri lilikuwa upande uliotekwa. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulifunguka ng'ambo, upande ambao Wajerumani hawakuwa wameuteka. Kuna watu waliopitishwa pale wakaokoka. Fikirini hayo. Catherine alijenga ukumbi ule acheze ngoma na wageni wake, na karibu miaka 400 baadaye ikawa njia ya mtu kuikimbia bunduki. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kofia yangu ya baiskeli. Ufunguo ulikuwa kwa nani usiku ule?

Nirudi Amboise kidogo, maana kuna jambo sikulijua na lilinitoa machozi. Watalii hupanda kule kuona kanisa dogo alikozikwa Leonardo da Vinci, aliyefia mji huo Mei 2, 1519. Mimi nilimpita nikashuka bustanini, nikakuta makaburi 25 ya Waislamu. Amiri Abdelkader wa Algeria alipigana na Wafaransa miaka 15. Desemba 1847 akajisalimisha kwa ahadi kwamba atapelekwa nchi ya Kiislamu. Ahadi ikavunjwa. Kuanzia 1848 hadi 1852 akafungwa Amboise na familia yake na watu wake, watoto wadogo wakiwemo, na 25 kati yao hawakutoka. Nilisoma Fatiha pale, nikiwa na kaptura na matope hadi magotini. Huyo Amiri, baada ya kuachiwa akahamia Dameski, na mwaka 1860 Wakristo wa mji ule walipokuwa wakiuawa aliwafungulia nyumba yake na kuwalinda kwa maelfu. Mtu aliyefungiwa mlango miaka mitano!

Sasa makanisa. Wengine mtashangaa, Muislamu wa Tanga anatafuta nini makanisani? Subirini.

Nchi hii ina sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali. Mnaijua, tunaisikia kila kukizuka ubishi wa hijabu. Lakini ina upande mwingine usiozungumzwa sana. Kutokana na sheria hiyo, makanisa mengi sana ya vijijini yaliyojengwa kabla yake ni mali ya kijiji chenyewe. Yaani serikali isiyo na dini ndiyo inayoezeka kanisa! Paa likivuja, anayekuna kichwa ni meya. Padri anasali humo, lakini nyumba ni ya wanakijiji wote, anayesali na asiyesali.

Nililijuaje hilo? Siku ya pili, kati ya Sully na Orléans, nilifika kijiji ambacho sitakitaja ili msimvamie yule bibi. Kanisa limefungwa. Mlangoni kuna karatasi kwamba ufunguo uko kwenye nyumba ya mkabala. Nilizunguka baiskeli yangu mara mbili nikijishauri. Mweusi, ndevu, jasho, Kifaransa cha kuungaunga, nigonge mlango wa mtu nimwombe ufunguo wa kanisa? Mwisho nikagonga. Akatoka bibi wa miaka themanini na kitu, mkononi ana bakuli la maharage mabichi. Nikaanza hotuba ya kujieleza, mimi ni nani na naishi wapi. Hakusubiri nimalize. Alinyoosha mkono ukutani akachukua ufunguo wa chuma urefu wa kiganja, akanipa, akasema, "Ukitoka uzime taa. Na funga vizuri, njiwa huingia."

Basi. Njiwa. Wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya njiwa.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya nta. Nikiwa natazama nguzo nikasikia mlango, akaingia padri, mweusi kama mimi, amekuja kuchukua vitabu vyake. Nikamsalimu kwa Kifaransa. Akaitazama jezi yangu nyekundu. "Simba ya Dar?" Akaniuliza, "Weye ni mutu ya Tanzania?" Ndugu zanguni, mtu wa Bukavu! (Wa Yanga nyamazeni, jezi ile ndiyo iliyotukutanisha.) Ana makanisa zaidi ya ishirini, anazunguka na gari dogo, Jumapili moja hapa, Jumapili nyingine kule. Tulikaa kwenye benchi la mbele tukapiga soga kwa Kiswahili, yeye na cha Kivu, mimi na cha Mrima, mpaka bibi akaja kuuliza kama ufunguo umepotea.

Tulipotoka akanionyesha nguzo ya ukumbusho mbele ya kanisa. Karibu kila kijiji wanayo. Ni majina ya vijana waliokufa vita vya 1914 hadi 1918, yamechongwa moja baada ya jingine. Kijiji kile hakina hata watu mia tatu, na jina moja la ukoo lilirudiwa mara tatu. Nikasimama nikihesabu, nikakumbuka vita ile ile ilipiganwa kwetu pia. Tena kwetu ilichelewa kwisha. Wajerumani walijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, Novemba 25, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu na maelfu njiani, kwa njaa na homa. Sisi tuna Kariakoo, ambayo ni jina la kikosi chao cha wapagazi. Lakini majina yao moja moja, nani aliyachonga? Padri hakunijibu. Aliitazama saa, akaenda kwenye kanisa jingine.

Sina muda wa kuwapitisha yote. Germigny-des-Prés lazima nitaje, maana lilianza kujengwa mwaka 806, na ndani lina picha ya malaika na Sanduku la Agano iliyopangwa kwa vipande vidogo vya vioo vya rangi. Ilikuwa imefichwa chini ya lipu. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1840 watoto walionekana wakichezea vipande vya rangi walivyookota humo, ndipo wakubwa wakabandua ukuta. Wazazi, mtoto akileta takataka nyumbani muulize ameokota wapi.

Na Candes-Saint-Martin, pale mto Vienne unapoingia Loire. Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, alifia hapo mwaka 397. Waliofika kumzika walikuwa pande mbili, watu wa Poitiers na watu wa Tours, kila upande unadai maiti ni yao. Walibishana mpaka usiku. Mlango ukafungwa, maiti ikiwekwa katikati, wote wanailinda. Watu wa Poitiers wakapitiwa na usingizi. Watu wa Tours wakamtoa dirishani, wakampakia mashuani, wakapanda na mto wakiimba! Alizikwa kwao Novemba 11, na mpaka leo joto la ghafla la siku hizo linaitwa kiangazi cha Martin, kwa hadithi kwamba maua yalichanua kingoni mashua ilipopita. Hapo ufunguo ulikuwa kwa wote wawili, na haukumsaidia mtu.

Namalizia na njia, kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye uzoefu huanzia baharini, maana upepo mwingi hutoka magharibi na hukusukuma mgongoni. Mimi nilipambana nao uso kwa uso siku tisa, kwa hiyo nawaambia nikijua. Vijijini maduka hufungwa saa sita mchana hadi saa nane, na Jumatatu unaweza kupita vijiji vitatu usipate mkate. Nunua mapema. Maji yakikuishia, tafuta makaburi. Ndiyo, makaburi. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua. Soma kwanza kama hawajaandika kwamba hayafai kunywa, jaza chupa, wasalimie wenyeji, endelea.

Na pancha. Nilipata pancha karibu na Saumur, mahali ambapo jiwe jeupe la kujengea makasri lilichimbwa mlimani hadi mashimo yakageuka nyumba, ghala za mvinyo na mashamba ya uyoga. Nikafungua mfuko. Pampu ipo, viraka vipo, gundi imekauka kama jiwe lenyewe. Nikakaa chini. Mlimani, kwenye jabali, kulikuwa na mlango wa bluu na pazia. Mnakumbuka yule mtu aliyezunguka baiskeli yake mara mbili akijishauri? Safari hii hakujishauri. Nilikwenda nikagonga. Akatoka mwanamume mwenye unga wa mawe kichwani, akaitazama tairi, akaingia tena ndani ya mlima bila kusema neno. Alirudi na gundi, kopo la maji la kutafutia tundu, na viti viwili.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, wanaotaka tukutane kituoni saa moja asubuhi, treni ya Gien. Siku mbili tu, hadi Orléans, mwendo wa wazee. Mimba na magoti mabovu, kuna baiskeli za umeme za kukodi, ila muulizeni daktari kwanza. Pampu nitabeba mimi. Gundi kila mtu aje na yake, na aifungue nyumbani aione kama bado ni gundi.